Majina ya Ng'ombe Wetu

Jumamosi, Itiryo

Roho imetulia kidogo, ingawa jibu lenyewe bado. Masanja, yule Msukuma mchimba dhahabu anayetaka kumwoa binti yetu Bhoke, amekuja leo mara ya pili. Mara ya kwanza baba Bhoke aliitikia shikamoo yake tu, akaendelea na shughuli zake mpaka mgeni akaaga. Leo kampeleka zizini.

Mimi nilikuwa napepeta mtama hapo karibu, nawasikia.

"Sisi ng'ombe tunawaita kwa rangi na mabaka yao," mzee akamwambia. "Nyinyi watu wa mashimoni mtayajulia wapi hayo."

"Nimechunga kabla sijashika sururu, mzee. Na kwetu ni hivyo hivyo. Huyu mwekundu mwenye paji jeupe mnamwitaje?"

Mzee akataja kwa Kikurya, kijana akataja kwa Kisukuma. Wakaenda hivyo ng'ombe mmoja mmoja, wakibishana na kucheka, mpaka chai niliyowaandalia ikapoa. Nikawaza, Mungu alipomwachia mwanadamu kazi ya kuwapa wanyama majina, hakusema iwe kwa lugha gani.

Wakafika kwa ndama aliyezaliwa juzi.

"Huyu bado hana jina," baba Bhoke akasema. "Mwite wewe."

Masanja akampa jina la Kisukuma. Nimejaribu kulitamka, ulimi umeshindwa.

Posa hajaijibu, na mimi sitamuuliza. Ila tangu niolewe katika boma hili, hata wanawe wa kuwazaa hajawahi kuwaachia kumpa ndama jina.