Neno "Mmiliki" Katika Spika za Mama

Nyumbani kwa Marehemu Baba,
Chumba cha Mbele,
S.L.P. ileile.
Jumatano, tarehe 9 Oktoba.

Mpendwa Kaka,

Awali ya yote pokea salamu zangu za heshima, pamoja na matumaini kwamba wewe, Shemeji na watoto mu wazima, na kwamba baridi ya huko imepunguza ukali wake. Je, mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniarifu kwamba hukai kitini robo saa bila kusimama. Nami, ukiachilia mbali vumbi la sponji linalonikereketa koo kila nipasuapo kochi kuukuu, sijambo. Mama naye hajambo, ingawa neno hilo nitalifafanua hapo chini.

Nakuandikia kwa haraka ambayo si desturi yangu, kwa sababu nina hofu. Nachelea barua hii isije ikatanguliwa na simu ya Dada. Kwa hiyo nitaipiga picha na kukutumia leo hii, na nakala halisi itafuata kwa posta.

Utakumbuka zile spika tatu zisizo na waya ulizotuletea mwaka juzi: moja chumbani kwa Mama, moja jikoni, moja kwenye karakana yangu pale getini. Wenzetu huzitumia kwa muziki. Sisi tulizitumia kwa jambo moja tu: Mama akitamka neno kule nyuma, mimi nilisikie huku mbele, hata kama jirani yetu mchomeleaji anakata vyuma. Ulizichomeka mwenyewe ukutani, zikafanya kazi, wala hazikumuuliza mtu jina.

Mwezi uliopita zilinyamaza zote tatu kwa mpigo. Kwenye simu yangu likatokea tangazo kwamba tangu sasa hakuna matumizi bila akaunti. Nilifunga safari hadi duka linalouza spika za namna hiyo. Binti muuzaji hakuinua hata uso.

"Bila akaunti, mzee, hayo ni mapambo tu."

"Kaka yangu alizinunua, binti yangu. Hakuzikodi."

"Pole. Na simu ya mwenye akaunti lazima iwe humohumo ndani ya nyumba, kwa hiyo huyo kaka wa mbali msahau. Jaza wewe. Jina, tarehe ya kuzaliwa, kwisha!"

Niliiandikia kampuni barua ya kurasa mbili, yenye kichwa cha habari, aya zenye namba na hitimisho, nikaipiga picha na kuituma kwa simu. Jibu lilinifikia kabla sijafunika kalamu: wanathamini sana maoni yangu. Kaka, barua ile hata ukiisoma kwa kuruka mistari haiwezi kukuishia kwa muda huo.

Nikajiambia nitalitafakari taratibu. Hapo ndipo nilipokosea. Jumanne ya wiki iliyopita Mama aliteleza kati ya kitanda na mlango. Aliita. Mimi nilikuwa nagongomea misumari kochi la mteja, na mchomeleaji anakata mabomba. Alilala sakafuni tangu saa tatu hadi adhuhuri, mpaka mke wa mchomeleaji alipopita kuomba kibiriti. Nilipofika nilimkuta amejikunja, kiatu kimoja mkononi. Alikuwa akikigonga sakafuni ili nimsikie.

"Ah, umekuja? Nilidhani umehama, mwanangu."

Alicheka. Mimi sikuweza. Mfupa haukuvunjika, ila nyonga imevilia damu, na sauti ilimkauka siku mbili kwa kuita. Tangu hapo nikigonga misumari mitatu naacha, nakatiza ua mzima kumchungulia, narudi, nagonga mingine mitatu. Mteja mmoja ameniuliza kama nina kichocho.

Basi nikafungua akaunti. Palipoandikwa "mmiliki wa nyumba" nikaweka jina la Baba. Ungeandika nini wewe, Kaka? Bili ya umeme ina jina lake, ya maji ina jina lake, na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu tumzike. Hakuna aliyethubutu kubadili, nawe wajua sababu. Baba Mdogo alianza kwa kuweka jina lake kwenye bili ya maji ya nyumba ya Babu, akaishia na hati mkononi, na Baba yetu akatoka mle na godoro kichwani.

Spika zilifanya kazi siku moja. Siku ya pili wakadai picha ya uso wa mmiliki, naye sharti awe hai.

"Niandike mimi," akasema Mama. "Mimi si bado nipo?"

Nikamshikia simu mbele ya uso. Ikaamuru: fungua macho. Nikamsogeza dirishani penye mwanga. Fungua macho. Mara ya tano Mama akachoka nayo.

"Iambie ifungue yake kwanza, itaona inasema na kipofu."

Hapo, Kaka, ndipo nilipotenda lile ninalokuungamia. Jumamosi saa nne asubuhi niliandika jina langu na kuweka uso wangu. Spika zikaamka. Kisha nikaona tulivyopangwa: mimi ni "Mmiliki", na Mama, kwa kuwa hana akaunti, ni "Mgeni". Nimetafuta pa kurekebisha, hapana. Mama mgeni, katika nyumba ambayo matofali yake aliyabeba mwenyewe, wewe ukiwa tumboni!

Dada alikuja Jumapili, akaiona simu yangu mezani.

"Mgeni? Mama ndiye mgeni? Hongera, kitindamimba. Baba Mdogo naye alianza polepole hivihivi."

"Dada, hizi ni spika tu."

"Na yale yalikuwa maji tu."

Linalonitisha ni kwamba hajakosea kabisa. Neno likishaandikwa halibaki na nia ya aliyeliandika. Siku nisipokuwapo, mwanangu anaweza kulikuta na kuliamini.

Kwa hiyo nimeambatanisha tamko, lenye sahihi yangu mbele ya mchomeleaji na mkewe, kwamba nyumba hii ni ya Baba na warithi wake wote, na kwamba jina langu ndani ya spika halinipi hata tofali moja. Lihifadhi wewe, si mimi, na Dada umpe nakala. Ukiona halitoshi, niamuru niifute akaunti, nami nitaifuta siku hiyohiyo. Ila nakusihi, katika barua hiyohiyo ya amri, uandike ni nani atakayemsikia Mama akianguka.

Nisalimie sana Shemeji, na binti yako mkubwa aliyeanza kazi, na wadogo zake wote. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Mwenyezi Mungu awalinde nyote huko mliko, na akujalie moyo wa kunisoma kwa upole.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye na kukuogopa,
Fundi,
mkazi wa nyumba ya Baba.