Programu Iliyofagia Sauti za Nyumbani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana ukiwa umesimama utaanza kugeuza samaki wako wa moshi na kuisahau mkononi. Vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe Nyanjura akusomee, kwa sababu humu ndani nimemtaja, na mdogo wangu huyo akifika penye jina lake ataruka mistari. Vipi miguu? Na yule kuku mwekundu bado anatagia kitandani kwako? Mimi ni mzima. Maskati ni joto lile lile, kazi ya kufua mashuka ya hoteli inaendelea, na chakula nakula, usianze kuuliza.

Utashangaa kwa nini naandika wakati tunaongea kila Jumapili. Naandika kwa sababu kwenye simu una tabia ya kusema mtandao umekuwa mbaya, kisha unakata. Barua huwezi kuikata. Mafuru, kijana wa Bunda ninayekaa naye chumba kimoja, anakuja nyumbani likizo, naye ameniahidi kwamba atafika Murangi na kukukabidhi mwenyewe.

Mama, unakumbuka ulivyokuwa unanigombeza kuhusu mashine? Chumba chetu kiko juu ya mashine za kufulia, na kila nilipopiga ulikuwa unasema, "We Masatu, unakaaga wapi huko? Hilo si trekta?" Nikaona aibu. Nikatafuta programu ya kurekebisha sauti, nikaiweka kwenye kompyuta yangu ninayokupigia kwa video. Kazi yake ni kuchagua: sauti ya mtu anayeongea inaipitisha, kelele inaitupa. Jumapili iliyofuata ulifurahi sana, ukasema unanisikia kama nimekaa jikoni kwako. Nami nikavimba kichwa, nikajiona fundi.

Baada ya muda nikaanza kuona mambo nisiyoyaelewa. Kuku mwekundu anapita nyuma yako, anafungua mdomo, hatoi sauti. Siku moja mvua iliwakuta huko tukiwa tunaongea, mkakimbia kuanua dagaa, mkarudi ndani mmelowa chapachapa, na mimi sikusikia hata tone moja juu ya bati. Kisha ikaja siku ya kumpa jina mtoto wa Nyanjura. Mlinishikia simu nione. Akina mama wa pale wote wakapiga vigelegele, naona midomo imefunguka na ndimi zinacheza, masikioni mwangu kimya tupu! Nilicheka, halafu nikaona uchungu. Mtoto anapewa jina la marehemu baba, na mimi nimekaa kama mtu aliyezibwa masikio kwa pamba.

Hapo ndipo nilipoanza kupambana na kompyuta. Kwanza nikalaumu spika zangu za masikioni, nikaazima za Mafuru, mambo yakawa yale yale. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, ukasikika wewe peke yako, kama unaongea kwenye nyumba isiyo na vitu. Nikazima, nikawasha. Mafuru akanishauri nifute kila kinachohusu sauti nikiweke upya. Nikafuta, kompyuta ikawa bubu kabisa. Ndiyo ile Jumapili uliyoniona napunga mikono tu. Mafuru huyo huyo akaniambia, "Kaka, hii kitu ilikuwaga nzima, wewe ndiye umeiharibu." Nilimnunia siku nzima.

Sauti iliporudi, niliifungua ile programu nikaisoma yote kwa utulivu, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Nikaona ina vitufe viwili. Kimoja kinaondoa kelele za huku kwangu zisifike kwako. Kingine kinaondoa kelele za huko kwako zisije kwangu. Mimi nilikuwa nimewasha vyote viwili, nikidhani ndiyo ufundi. Kumbe kila Jumapili programu ilikuwa inafagia nyumbani kwetu: kuku, mvua, vigelegele, mawimbi ya ziwa, vyote kwake ni takataka. Haipajui Murangi, mama.

Nikazima kile cha pili, nikapiga. Nilisikia kila kitu! Kuku, redio ya jirani, mtu anapasua kuni. Nilitaka kukuambia, na machozi yalikuwa yananilenga. Ndipo nikakuona unavuta ncha ya kanga, unaziba mdomo na kugeuza uso pembeni. Tabia hiyo naijua. Tangu ulipong'oka jino la mbele, ukicheka unaziba mdomo kwa kanga. Miezi yote hii ulipofanya hivyo nilidhani unanicheka, nami nikawa nacheka pamoja nawe. Safari hii nikasikia. Kikohozi kikavu, kirefu, kinachokukunja kwenye kiti, halafu pumzi inayotafuta njia ya kurudi.

Nilikuwa nakuuliza kila mara kama kile kifua kilichokusumbua masika kimepona, ukasema kilishaondoka na mvua. Nikaamini, maana sikusikia kitu. Umekohoa mbele ya macho yangu, mama, nikakuchekea. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Nilipokuuliza siku ile ukasema, "Ni moshi tu wa samaki, kwani wewe hujawahigi kukohoa?" Mara mtandao ukawa mbaya, ukakata. Nikampigia Nyanjura. Alizunguka weee, mwishowe akasema, "Kaka, mama alinikataza. Anakohoaga mpaka kunakucha. Anasema ukijua utaacha kazi urudi." Tafadhali usimgombeze. Nilimbana sana, na hata hivyo alikutetea.

Siachi kazi. Lakini nisiposikia kwamba umepimwa, nitarudi kweli, na utanilisha mwenyewe, na unajua ninavyokula. Nimeshaongea na mjomba wa Guta. Atakuja kukuchukua mwende hospitali Musoma, mtalala kwa shangazi pale Kigera ili asubuhi muwahi foleni. Daktari akikuuliza, usimwambie ni moshi tu. Mwambie usiku unavyokuwa. Samaki atawageuza Nyanjura. Najua hapa unasema, "Huyo atawaunguza." Waache waungue. Samaki wako ziwani wengi, mama ninaye mmoja, naogopa.

Msalimie mjomba, mwambie asikubali visingizio vyako hata ukimpikia ugali wa muhogo na sato. Msalimie shangazi wa Kigera na watoto wake. Jirani yetu mwenye redio mwambie naisikia mpaka huku, na betri zake zinakaribia kwisha. Nyanjura mpe pole kwa kubeba siri nzito, na mjukuu wako umbusu kwa niaba yangu. Vigelegele vyake vilinipita, bado navidai.

Na kile kitufe cha kwanza nacho nimekizima, ili tuwe sawa. Jumapili utayasikia matrekta yangu yote, uyavumilie. Nawe kanga iache begani, usigeuze uso pembeni. Kohoa tu, mama. Nasikiliza.

Mwanao akupendaye,
Masatu