Ng'ombe Niliowakataa

KITUO CHA POLISI TORORO
MAELEZO YA SHAHIDI
14 Machi 1966

Jina: Leonida Aboth, mjane. Umri: miaka 36. Kazi: mkulima na mchuuzi wa karanga. Makazi: Kiyeyi.

Mnamo tarehe 5 Machi 1966, Jumamosi, saa tatu asubuhi, nilikuwa nakwenda soko la Tororo na binti yangu Peace, wa miaka minane. Alitembea mbele, kando ya barabara, akiimba hesabu za mbili. Gari jeupe la Wakili Erastus Obbo lilitoka nyuma kwa kasi, likanipita, likamgonga yeye. Likasimama. Kwenye usukani alikuwa Osborn, mtoto wa Wakili. Dereva wao, Imalingat, aliketi kando yake. Osborn aliteremka, akanitazama, akarudi ndani wakaondoka. Peace alikufa mikononi mwangu. Alikuwa bado na karanga shavuni, alivyozoea kuziweka.

Siku ya mazishi nilisikia kwamba Imalingat amewaambia polisi kwamba yeye ndiye aliyeendesha. Sikuwa na nguvu za kubisha.

Jana, baada ya kanisa, Tom Obbo, ndugu wa Wakili, alileta ng'ombe nyumbani kwangu. Alisema, "Mama Peace, haya ni machozi yetu. Polisi wakikuita, sema hukuona vizuri."

Shemeji yangu Ofwono alishaanza kuwafunga. "Shemeji, mtoto hafufuki," aliniambia. "Angalau utakunywa maziwa."

Kabla sijajibu, Wakili mwenyewe alifika kutoa pole. Alipowaona ng'ombe alisimama nje ya ua.

"Mama, ulimwona nani kwenye usukani?"

"Mtoto wako."

Akamgeukia Tom. "Ulijua?"

"Erastus, huyo ni damu yako!"

"Na mtoto wa huyu mama alikuwa na maji mwilini?"

Kisha akaniambia, "Ukiwapokea ng'ombe hawa, wazee watasema kesi imekwisha, watakufunga mdomo. Warudishe. Kesho nenda polisi."

Ofwono alicheka. "Wakili huyu! Kesi za watu anashinda, ya kwake anajifunga mwenyewe."

Wakili aliegemea nguzo ya ua. Nilifurahi kumwona hivyo. Nilimwuliza, "Umekuja nikuhurumie?"

"Hapana."

"Vizuri. Nataka ulie kama mimi."

"Nitalia, mama. Lakini si hapa kwako."

Niliwafungua ng'ombe kwa mikono yangu, Tom akawaswaga kurudi kwao.

Watu wa kanisa wananiambia nimsamehe Osborn kwa kuwa baba yake ni mtu wa haki. Najua ni mtu wa haki. Bado nataka mtoto wake afungwe, na yeye aketi mahakamani asikie miaka ikitajwa.

Sina la kuongeza. Niliyosema niliyaona, na ninayotaka nimeyasema.

Sahihi: L. Aboth

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali. Nilimshauri aondoe maneno ya mwisho kwa kuwa si ushahidi. Alisema, "Yaache." Tulipokuwa tukimaliza, Wakili Obbo aliingia na mwanawe, akamkabidhi. Shahidi aliomba kubaki benchini mpaka mlango wa mahabusu ufungwe. Nilimruhusu.

Koplo J. Ecweru