Jeni ya Kezia Imelala

Jumanne, 4 Machi 2025

Haijapanda. Miezi yote hii ya vidonge na damu ya Kezia haijapanda hata chembe!

Daktari Burale hakufoka, yeye huwa hafoki. Alitazama kompyuta, akanitazama mimi, akauliza kama Kezia anameza dawa yake kila siku. Kila siku? Nikamwambia daktari, huyu ndiye mtoto wangu wa pekee, nimnyime dawa nimpe nini? Akasema hajasema namnyima. Nikaapa. Jina la Mungu nimelitaja mbele yake na mbele ya Sista Jacklyne, nikiwa nimeshika mkoba kama mtu anayetaka kupigana.

Basi, akasema, huenda jeni yake ni sugu. Wako watoto wachache wenye selimundu ambao dawa hii haiwasaidii. Tutapima tena Jumanne ya mwisho ya Aprili. Ikiwa bado, nafasi ya Kezia kwenye mradi atapewa mtoto mwingine. Dawa ni za msaada, foleni ni ndefu. Aliyasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza.

Sista Jacklyne alinifuata kwenye korido akanieleza tena, kwa Kiswahili cha binadamu. Mtoto akiwa tumboni ana damu yake ya utoto. Jeni inayoitengeneza ni nzima kabisa. Akishazaliwa, kabla hajafikisha mwaka, mwili unaifunga jeni hiyo na kufungua ya ukubwani. Ya Kezia ya ukubwani ndiyo mbovu. Lakini ile ya kwanza haikatwi wala haipotei. Iko tu, imelala. Kazi ya dawa ni kuiamsha.

Hapa mtaani Ziwani hilo halihitaji digrii. Maji yapo, bomba liko mbele ya mlango, ila kuna mtu amefunga koki mahali na hakuna anayemjua. Sasa mtu huyo yuko ndani ya damu ya mtoto wangu.

Nikauliza: hakuna njia ya kumtoa? Sista akasema ng'ambo siku hizi wanaingia kwenye jeni zenyewe na kukivunja kile kinachoifunga. Itafika huku lini? Akacheka, cheko la kunihurumia. Nikamshika Kezia mkono tukaenda zetu.

Jumatano, 5 Machi 2025

Nimepanga sabuni kwenye katoni siku nzima, kichwa hakipo. Supavaiza kaniuliza kama nimekuja kazini au nimetuma kivuli.

Nilikuwa nawaza maneno ya Sista. Kila seli ina maagizo ya mwili mzima, ya jicho, ya ini, ya ngozi, ila inafungua yanayoihusu na mengine inayafunga. Kwa hiyo hata kwenye kidole cha mguu cha Kezia kuna jeni ya damu nzuri. Kidoleni! Inafanya nini huko?

Mimi nilimpa nusu ya ubovu, baba yake nusu. Wala hatukujua tunao. Tulikuwa tunacheka tu siku hizo.

Jumapili, 16 Machi 2025

Kanisani wamemwombea Kezia tena. Mzee wa kanisa anaomba kama anayedai haki yake. Nimesema amina kwa mdomo tu.

Baadaye Kezia amecheza mchezo wa kati na wenzake hapo nje, wanakwepa mpira wa karatasi. Anarukaruka, anapiga kelele, macho yana ile njano yake ya kawaida. Kukhu amekaa mlangoni anamtazama. Kukhu ni mama mkwe wangu. Anaishi nasi tangu Kezia aanze kuumwaumwa. Mimi naondoka alfajiri kuwahi geti la kiwanda huko Industrial Area, Baba Kezia yuko karakana ya reli, kwa hiyo Kukhu ndiye anayempa chai na kidonge. Bila yeye ningekuwa nimekwama, lazima niseme ukweli huo hata kama ananipikia mboga isiyo na chumvi.

Amesema: "Huyu mtoto anacheza hivi, mnasema ni mgonjwa?" Nimemwambia, Mama, dawa ndiyo inamchezesha. Alikuwa anafunga furushi la Nabiswa, binti yake aliye nyumbani Bungoma: sukari, vipande vya sabuni kutoka kazini kwangu. Konda wa basi hulibeba kila mara. Nabiswa naye ana Khalayi mwenye ugonjwa huu huu, na huko hakuna kliniki ya maana.

Ijumaa, 28 Machi 2025

Mifupa. Tangu asubuhi. Kifua, mapaja, mgongo.

Hawezi hata kuguswa na shuka. "Mum, niambie iache." Nimwambie nani?

Jumatatu, 31 Machi 2025

Wamempa ruhusa, tumerudi. Maji ya mshipa, damu ya mtu mwingine, dawa ya maumivu mpaka akalala mdomo wazi. Mikono yake imebaki kama vijiti vya ufagio.

Daktari Burale alipita wodini. Akasimama mguuni pa kitanda. Hakusema jeni ni sugu, lakini nilimwona akilifikiria. Mimi nimeshalikubali. Kuna watu hata Mungu akiwapa kitu kizuri anakifunga kwanza ndipo anawapa.

Jumamosi, 5 Aprili 2025



Nabiswa amepiga simu. Simu ya Kukhu ilikuwa kwenye chaji, nimepokea mimi. Hakungoja hata salamu ziishe. "Wifi, Mungu akubariki! Khalayi hajalazwa tangu Krismasi. Anaenda shule kila siku, amenona, hata mwalimu anauliza tunampa nini. Hizo dawa zako zimefanya kazi kabisa!"

Dawa zangu.

Nikasema eeh. Nikasema haya, msalimie. Nikakata simu nikakaa kwenye ndoo.

Jeni ya Kezia si sugu. Jeni ya Kezia haijawahi kuombwa kuamka!

Jumapili, 6 Aprili 2025

Sikwenda kanisani. Nilingoja warudi.

Sikupiga kelele, na ninajuta. Nilimuuliza tu: Mama, dawa za Kezia zinaenda wapi? Akaketi. Akafungua pindo la leso yake akanionyesha, kapsuli zimefungwa humo kama sarafu za sadaka. Hakukana hata kidogo.

Anasema alianza siku Kezia alipokuwa anacheza vizuri. Mtoto anayecheza kati si mgonjwa, na dawa ni ya mgonjwa. Kezia akawa anapewa siku akilalamika, zilizobaki zinaenda Bungoma. Kisha Khalayi akapona, hakulazwa tena, na Kukhu akashindwa kurudi nyuma. Huko hawaruki hata siku moja, maana aliwaambia Mama Kezia amesema ni kila siku, baada ya chai! Maagizo yangu yanafuatwa, ila si nyumbani kwangu.

"Wako ana Nairobi nzima," akaniambia. "Ana madaktari, ana damu, ana wewe. Yule ana nani? Hawa wote ni wajukuu wangu, Mama Kezia. Ningemtupa yupi?"

Nikamwambia dawa hii haitumiwi bila kupimwa damu. Inaweza kumaliza seli nyeupe, mtoto akafa kwa homa ya kawaida tu. Khalayi amepimwa lini? Baba Kezia anatazama viatu vyake. "Ni mama yangu, nimfanye nini?" Swali zuri. Mimi ni mke tu.

Halafu Kezia, kutoka kitandani: "Mum, mimi nilijua. Kukhu aliniambia Khalayi hana daktari, nikasema apewe zangu. Si wewe husema tugawane?"

Nimemfundisha mwenyewe. Kila chapati, kila chungwa. Leo nimetamani ningelea mtoto mchoyo.

Alhamisi, 10 Aprili 2025

Chupa inakaa kwenye mkoba wangu sasa. Namwamsha Kezia kabla sijatoka, anameza huku namtazama koo.

Lakini wiki tatu haziamshi kitu. Sista alisema ni miezi. Tarehe ya kupima itafika na koki itakuwa imefungwa vilevile.

Nimempigia Sista Jacklyne wakati wa lanchi, nikajifanya naulizia mtu mwingine. Kuna mama mmoja, nikasema, nyumbani kwake dawa iligawiwa mtoto mwingine. Itakuwaje? Akasema mradi una sheria moja tu isiyo na huruma, na ni hiyo. Mtoto anayegawa anaondolewa siku hiyo hiyo. "Mwambie huyo mama aache mara moja," akasema, "na huyo mtoto mwingine aletwe haraka apimwe." Nadhani amejua. Hakuniuliza jina.

Kwa hiyo nikisema, Kezia anaondolewa kwa kugawa dawa. Nikinyamaza, anaondolewa kwa jeni sugu. Nimerudi kwenye sabuni zangu.

Alhamisi, 17 Aprili 2025

Kukhu ameondoka kwenda Bungoma kwa Pasaka. Nimemtuma mimi, na sheria ya mradi nimemweleza. Nimesema alete kapsuli zote zilizobaki kwa Nabiswa, na Khalayi apelekwe hospitali yoyote apimwe. Amesema sawa. Amembusu Kezia kichwani, mimi amenipa mkono.

Nyumba imekuwa kimya. Mboga ina chumvi. Sijaona raha yake.

Jumanne, 22 Aprili 2025

Nabiswa hapokei simu. Kukhu naye hapokei. Baba Kezia anasema ni network. Anapenda sana kusema ni network.

Jumamosi, 26 Aprili 2025

Wamefika mchana. Kukhu, na mgongoni mwake Khalayi, mtoto wa miaka saba anabebwa kama kichanga.

Nilikuwa sijamwona miaka miwili. Kweli amenona mashavu. Lakini anachemka, na mdomoni ana vidonda, hawezi hata kumeza uji. Kezia alimtandikia kitanda chake mwenyewe bila kuambiwa.

Kapsuli je? Kukhu amekunjua leso. Imebaki moja. Moja! Nikauliza zingine ziko wapi, akaanza kulia, na mimi sijawahi kumwona mama huyu akilia. Nabiswa aliposikia kuwa hazitakuja tena, na Khalayi akaanza kuumwa miguu, aliona bora ampe nguvu zote kwa pamoja. Mbili asubuhi. Mbili jioni. Ili zikiisha awe ameshapona kabisa.

Nimemgusa mtoto shingo, nikarudisha mkono.

Jumapili, 27 Aprili 2025

Naandika kwenye benchi la emergency. Nimeweka daftari juu ya goti ili mkono uwe na kazi.

Tumefika kabla ya watu wa ibada ya kwanza kutoka. Kezia amekataa kubaki. Wamemchukua Khalayi damu, wakamweka kitanda cha mwisho karibu na pazia. Homa haishuki.

Daktari ni kijana, sura ya kukosa usingizi. Amekuja na majibu akasema seli nyeupe za Khalayi zimeshuka sana, karibu hakuna, na haelewi kwa nini. Inaweza kuwa mambo mengi. Inaweza kuwa kansa ya damu, inabidi wachome mfupa waangalie ndani. Kisha akatuangalia sote. "Huyu mtoto kuna dawa yoyote amekuwa akimeza?"

Nilifungua mdomo. Nimeshuhudia mdomo wangu ukifunguka na hakuna kilichotoka. Maana Daktari Burale yuko jengo hili hili, ghorofa ya juu, na keshokutwa ana faili la Kezia mezani.

Kukhu ndiye aliyejibu. Haraka, bila kupepesa. "Hakuna, daktari. Ni mitishamba tu ya huko nyumbani."

Daktari akashusha pumzi. Akasema anaenda kumwita mkubwa wake kwa ajili ya ule mfupa.

Nikamgeukia Kukhu. Hakunitazama. Alikuwa anatazama miguu ya Khalayi iliyotokeza kwenye leso, na akasema chini chini, "Nilichukua cha mtoto wako. Leo nakurudishia." Mungu wangu! Hivi ndivyo anavyonirudishia? Mama huyu amempima mjukuu kwa mjukuu, na mimi nimekaa hapa nimepokea.

Baba Kezia ametoka nje, anasema anatafuta maji ya kunywa. Hajarudi.

Kama ningesema, wangejua ni dawa, wangejua la kufanya. Hilo nalijua mimi mfunga sabuni. Na Kezia angerudi kwenye shuka lisilogusika, mwaka huu, mwaka ujao, mpaka siku asiyorudi nyumbani. Jeni yake iko nzima. Iko nzima kila mahali mwilini mwake, na ni mimi nitakayeiacha ilale.

Kezia amekaa kushoto kwangu. Kidonge chake cha leo kiko mkononi, hajameza. Kimeanza kuyeyuka, kiganja kina rangi.

"Mum," ananiambia, "daktari amekuuliza wewe. Hajamuuliza Kukhu."

Pazia limefunguliwa. Daktari anarudi, na nyuma yake kuna mtu wa miwani ninayemfahamu mwendo: Daktari Burale. Khalayi ameita Kukhu mara moja, kwa sauti ya paka. Chupa iko ndani ya mkoba wangu, hapa mapajani. Mkono mmoja unaandika. Mwingine uko juu ya zipu