Mabwawa ya Kanchan

Brampton, Kanada
20 Mei 2023

Agripina mwenzangu,

Mwezi wa tano huu na bado navaa soksi mbili, lakini mzima nipo. U hali gani wewe na masikio yako? Alizeti ya shamba lako la Iguguno imekubali mwaka huu? Hapa kwa Rashmi hawajambo wote, ila magoti yangu yanalalamika kama unavyoyajua.

Barua hizi zitapitia dukani kwa Arif. Yeye atakuchapia zangu, na zako atazipiga picha anitumie. Simu imetushinda, dada. Nikipiga kelele, majirani wa Rashmi wanachungulia madirishani, na wewe unanijibu, "Ndiyo, mvua imenyesha."

Sasa sikia. Nimepata maji! Mtaa huu wa binti yangu una bustani za watu kupumzika, na karibu kila bustani ina bwawa lenye samaki. La kwanza liko nyuma ya maktaba. Samaki hujificha chini ya daraja la mbao, lakini bata bukini wamechafua njia yote. La pili liko karibu na bembea za watoto. Lina samaki wakubwa, ila kelele zinawafukuza. Rashmi kaninunulia fimbo ya kuvulia, nami nikachukua kipande cha mkate cha chambo, nikaenda kwenye daraja.

Samaki akashika. Mkubwa! Nikavuta hadi ukingoni, kisha nikageuka na kuita kwa sauti yangu yote, "Agripina!"

Watu wote wakanitazama. Nilikuwa nimesahau, mwenzangu. Tangu tukiwa dawati moja shuleni, mimi navua, wewe unamtoa ndoanoni na kumpeleka kwenu, kwa sababu kwetu dini ya mama haikuruhusu samaki kuvuka kizingiti na mimi sithubutu kumshika. Nilisimama pale na samaki wangu anarukaruka, nisijue la kufanya, mpaka mshipi ukakatika. Nikalia mbele za watu.

Nilisema nakaa mwaka mmoja tu. Pasaka ijayo niko Singida, usiwe na wasiwasi.

Dada yako,
Kanchan


Singida Mjini
4 Juni 2023

Dada Kanchan,

Barua imefika, na Arif kaisoma kabla yangu, maana kanikabidhi huku anacheka. Mimi sijambo. Masikio yamegoma moja kwa moja, lakini ukiona majirani nilio nao, utasema ni baraka. Alizeti imekubali. Poleni na baridi, na upake magoti yako mafuta ya nyonyo, siyo hizo dawa za Kizungu.

Nimecheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikaisoma tena. Ningekuwa na mabawa ningeitika.

Huko kwenye daraja usikae juu yake, kaa pembeni, kivuli chako kinawatisha. Au umesahau nilivyokuwa nakufokea? Kwenye bembea nenda asubuhi watoto wakiwa shule. Na uchimbe nyungunyungu, samaki gani atakula mkate.

Ziwani siendi. Jumamosi napita juu barabarani, natazama ziwa letu Singidani, narudi. Maji yamepanda mwaka huu. Nikikaa peke yangu watu watauliza yuko wapi Mhindi wako, na sina nguvu ya kuwajibu wote.

Umesema Pasaka. Nimeshapanda ndizi za kukupikia, kwa hiyo habari nyingine sitaki kusikia.

Mdogo wako,
Agripina


Brampton
9 Septemba 2023

Agripina wangu,

Shikamoo ya utani, maana siku hizi unaniamrisha kama mkubwa wangu. Hujambo? Mafuta ya nyonyo nimeyapata kwenye duka la Mgujarati mmoja wa Nairobi, na magoti yanakushukuru.

Nimeongeza bwawa la tatu, la nne na la tano! La tatu lina gati dogo la mbao na viti, pazuri kwa wazee. La nne liko kwenye kijito kinachopita nyuma ya viwanja vya tenisi; lina samaki wenye sharubu kama kambale wetu. La tano ndilo bora. Liko mbali kidogo, limezungukwa na matete, na asubuhi huna wa kukusemesha.

Pale nilipata aibu. Nilivua, nikamwomba mzee mmoja wa Kivietinamu anitolee samaki. Akamtoa, nami nikampa mfuko, nikamwambia kwa mikono: chukua, kapike. Si ndivyo tulivyozoea? Kumbe sheria ya bustani ile, kila samaki arudishwe majini. Mzee akacheka, akamwachia aende zake. Nilikasirika kama kanitupia zawadi usoni.

Halafu akanifundisha. Unalowesha mkono kwanza, unamshika taratibu, unaizungusha ndoano. Agripina, nimemshika samaki! Mimi, binti wa mama yule! Alikuwa baridi na mwenye nguvu, akaondoka mzima, na mikono yangu haina dhambi. Sasa natoa mwenyewe.

Nilitamani ungeniona.

Dada yako,
Kanchan


Singida Mjini
1 Oktoba 2023

Kanchan,

Mimi mzima. Natumaini nawe mzima, na Rashmi.

Nimefurahi kwamba umejifunza kutoa samaki mwenyewe. Sikujua kuwa ilikuwa kazi ya kufundishwa na mzee kwa asubuhi moja. Mimi niliifanya miaka yote nikidhani unanihitaji. Na samaki wa kurudishwa majini, anavuliwa ya nini?

Nikuulize jambo moja, unijibu bila kuzunguka. Barua ya kwanza ulikuwa na mabwawa mawili. Sasa matano, na la tano ndilo bora. Mtu anayejiandaa kurudi kwao hatafuti mabwawa.

Unarudi au hurudi?

Agripina Naftali


Brampton
21 Aprili 2024

Agripina mpenzi,

Sijui kama utaisoma hii. Nakuombea uzima, wewe na nyumba yako yote. Pasaka imepita, na najua ulikaa unatazama barabara. Mimi nilikaa chumbani nikijifanya naumwa kichwa.

Sirudi.

Nyumba tumeiuza. Sikukuandikia, maana mkono ulikataa. Rashmi amejifungua mtoto wa kike, na yeye ni binti yangu wa pekee, hana mwingine wa kumlelea. Nilipokuwa huko nilimlilia yeye miaka kumi. Nimekuja kwake, sasa nakulilia wewe. Nadhani Mungu hakunipangia kuwa na nyote wawili.

Uliniuliza kuhusu mabwawa. Kila bustani niliyoingia nilikuwa natafuta Singidani. Ukiona nimehesabu matano, ujue yote matano hayakufanana nalo. Hayana mawe yale makubwa, hayana upepo wa jioni unaopeperusha khanga, na hakuna mtu wa kunigombeza. La tano nililisifu ili niamini mwenyewe.

Niandikie hata kama ni kunitukana.

Dada yako,
Kanchan


Singida Mjini
18 Agosti 2024

Dada Kanchan,

Barua yako niliichana. Nikarudi kwa Arif kumwomba anichapie nyingine, naye akaichapa bila kuniuliza kitu. Mimi ni mzima wa mwili. Mjukuu wako hajambo? Hukuniambia jina lake, ndiyo mambo gani hayo?

Nyumba yenu wamehamia watu wa Kintinku, watu wa heshima. Wamepaka rangi ya bluu mlangoni. Nilipita nikaamkia, nikaondoka haraka, maana nilikuwa karibu kumwuliza yule mama kama shoga yangu yuko ndani.

Miezi hii yote nilikuwa na hasira na wewe. Nilijiambia ni kwa sababu ya ahadi. Nimekaa nimejichunguza, nikaona siyo. Ahadi za wazee kila mtu anajua zinavunjwa na magoti na wajukuu. Nilikasirika kwa sababu ulipata pa kukaa bila mimi, nami nilitaka ukose. Nilitaka uwe na shida mpaka urudi. Hayo ndiyo mapenzi yangu, uyaone yalivyo mabaya.

Basi kaa huko, dada. Mlee mtoto, vua samaki wako na uwarudishe. Na ukipata bwawa la sita uniandikie lilivyo, nitafurahi, nakuahidi nitajaribu.

Ila usifurahi mno, Kanchan. Bakiza kidogo kinachouma, ili nisiwe peke yangu.

Mdogo wako,
Agripina