Pale Bamama Balikuwa Banashuka

Baraka, Alhamisi

Leo tena muguu yangu yenyewe ilikanyaga freni, pale balichomaka kijiji na batu ndani. Kamio ilijaa batu ba soko ya Lulimba. Mbele ya vita kufika, bamama ba pale balikuwa banapiga mikono juu ya kabini: "Shofere, simama, tushuke!"

Leo hakuna mutu alipiga. Lakini mi nilisikia.

Moteri inanguruma, mi nangojea batu ba juu banitukane, sababu baaskari bako karibu na ile njia. Bote banaangalia kwenye kulikuwa manyumba.

Kisha mama moja, muuza samaki bidogo ba ndakala, akasema toka juu: "Papa shofere, enda sasa. Balishamaliza kushuka."

Nikamwambia: ngojea kidogo, mama. Kuko moja mwenye mutoto mugongoni. Ule anashukaka pole pole.