Kidonge Kimoja, Vinywa Viwili

Jumatatu, 3 Machi

Leo miaka miwili, miezi minne na siku tisa tangu nitoke nyumbani. Likizo yangu ni mwezi ujao, tarehe ishirini.

Asubuhi mdogo wangu ameleta ujumbe. Mama ameanguka jikoni. Hakuvunjika. Lakini presha imepanda mpaka mganga wa zahanati akapima mara mbili, akidhani mashine mbovu. Na ana miaka tisini na moja! Kisha mwisho wa ujumbe, kama mtu anayeomba kiberiti: kaka, tuma dawa.

Dawa gani tena? Mwanzo wa mwaka nilituma za miezi mitatu. Nilinunua mwenyewe, nikafunga mwenyewe, nikampa msafiri ninayemwamini. Leo hii ni miezi miwili tu. Mama hatafuni vidonge kama karanga. Kuna mtu anavila. Au anaviuza. Na pale nyumbani namjua mmoja tu aliyewahi kuuza baiskeli ya marehemu baba akatuambia imeibwa.

Jumatano, 5 Machi

Nyumba hii ya wazee ina juu na chini. Wa juu wanalipiwa na watoto wao. Wa chini wanalipiwa na serikali, ikikumbuka. Shuka za juu nafua kila siku. Za chini Jumatatu na Alhamisi. Sikuvuka darasa la sita, lakini shuka nazisoma. Za juu zina madoa ya chai. Za chini zina usaha — vidonda vya mgongo, vya nyonga, vya watu walioachwa kwenye majimaji yao tangu Alhamisi hadi Jumatatu.

Nimepandisha toroli juu nikamkuta Bibi wa Chumba cha Nane anamezeshwa. Ana miaka tisini na tisa na ulimi kama wembe. Nesi amesimama mbele yake: meza. Fungua mdomo. Inua ulimi. Haondoki mpaka aone. Kidonge ni kile kile cha Mama, boksi ile ile yenye mstari wa buluu. Bibi akaniona nimekodoa macho.

— Unangoja nini wewe dobi? Nife, upungukiwe shuka?

Nikasema hapana bibi, ishi tu.

— Siishi kwa ruhusa yako!

Mchana nikachukua shuka mbili za juu, nikamtandikia Fundi Saa wa chini, yule mzee asiyeweza kujigeuza. Alinishika mkono. Msimamizi akaniona. Akasema shuka za juu zina alama yake, na mimi pia atanitia alama nikirudia. Mbwa!

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia mdogo wangu. Nilijiambia nitaanza taratibu. Sikuanza taratibu.

Anasema vidonge viliisha katikati ya mwezi wa pili. Yeye hakujua. Mama alikuwa akisema vimo sandukuni mwake, mtu asifungue.

— Viliishia kinywani mwa nani?

— Kaka, unaniita mwizi?

— Baiskeli ya baba iliondoka kwa miguu yake?

Hilo akaliruka. Halafu akatoa la moyoni. Kwamba mimi nafua shuka za mama za watu, na mama yangu anafuliwa na yeye. Hapo hapo mkewe, shemeji yangu, akamnyang'anya simu: njoo basi shemeji umchunge mwenyewe, tukuone utafika siku ya tatu!

Nikakata. Nikatuma pesa kidogo, na ujumbe wa sauti juu yake. Nunua vya wiki mbili tatu hapo zahanati. Simama mbele ya Mama. Ameze, afungue mdomo, ainue ulimi. Usiondoke mpaka uone. Kama huwezi kufanya kazi ya nesi, fanya ya askari.

Jumanne, 11 Machi

Nimeungua mkono kwenye roli la kupigia pasi. Redio, mwenzangu wa mashine — tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki — akasema mtu aliyegombana na ndugu yake asipewe kitu cha moto. Nikamwambia azime. Hazimiki.

Nyumbani kimya.

Ijumaa, 14 Machi

Mwizi amepatikana. Ni Mama!

Mdogo wangu amenieleza polepole, kwa sauti ya mtu anayejua ameshinda. Siku tatu alimsimamia. Mama anatia kidonge mdomoni, anakunywa maji, anafungua kinywa. Safi! Ila suala la ulimi aliliruka, aliona haya kumwambia mama yake mzazi ainue ulimi. Jana akajikaza, akamwambia. Kidonge hicho, kimelala chini ya ulimi! Alipombana, Mama akasema bila wasiwasi: "Hiki si changu. Jana nilimeza changu. Cha leo ni cha mwenzangu."

Mwenzake! Mke mwenzake. Mama yetu mdogo, wa nyumba ya ng'ambo ya ua.

Vilipokuwa vingi, kila asubuhi Mama alichukua viwili. Kimoja anameza, cha pili anafunga kwenye pindo la nguo, anavuka nacho ua. Vya miezi mitatu vikawa vya mwezi na nusu. Baada ya hapo wote wawili walikaa bila kitu, na hakuna aliyesema, mpaka Mama akaanguka.

Nilipaswa kumwomba mdogo wangu radhi. Nimeandika kwamba nilipaswa. Inatosha.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikuwa na miaka saba alipoletwa yule mwanamke. Mama alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua. Tangu siku ile ua wetu haukupata kunyamaza. Kuku. Kamba ya nguo. Maji machafu yamemwagwa upande gani. Nani amepikiwa nyama na nani mchuzi. Hata siku tuliyomzika baba waligombania mahali pa kukaa. Mimi nililelewa na matusi yao, ndiyo niliyoyasikia kabla sijaenda shule. Leo vidonge ninavyotolea jasho huku kwenye mvuke vinamweka hai yeye!

Nimempigia Mama mwenyewe. Shikamoo. "Marahaba baba. Umekula?" Nimekula Mama. Nikaingia kwenye jambo.

— Kwa nini unampa dawa yako?

— Ana presha kama yangu.

— Ana mtoto. Amnunulie.

— Mtoto wake hana kitu. Wangu anacho.

— Mama, huyo mmegombana miaka arobaini!

— Arobaini na minne. Akifa nitagombana na nani? Na huyu mdogo wako? Hata kujibu hajui!

Akacheka peke yake mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Anadhani ninacho! Mshahara wangu unanunua dawa ya mtu mmoja na kunibakizia nauli na mkate. Nikigawa kwa wawili, nitakuwa nimewaua wote wawili nusu nusu.

Nimempa mdogo wangu amri. Hata kimoja kisivuke ua. Asage, atie kwenye uji.

Alhamisi, 20 Machi

Mama amegoma.

Aliuonja uji wa kwanza, akautema. Anakula viazi vizima tu, vya kumenya mwenyewe. Dawa hataki, si yake wala ya mwenzake. Tangu Jumapili. Anasema wakipata wawili atameza, asipopata mwenziwe naye hamezi, na asiwepo mtu wa kumfundisha kufa.

Nimemsimulia Redio, amecheka mpaka ameshika mashine. "Mama yako angekuwa hapa tungeshalipwa ovataimu zetu!"

Mdogo wangu ameniuliza: nimpe na yule, kaka, yaishe? Vimebaki vichache lakini vipo. Mganga wa zahanati anasema kwa vipimo hivi tusicheze, kiharusi hakipigi hodi.

Nikasema hapana. Akikaza nami nakaza. Nimetoka tumboni mwake, ukaidi ninao wa kutosha.

Jumapili, 23 Machi

Kikombe kimemdondoka Mama leo asubuhi. Alikiokota, kikadondoka tena. Mkono wa kushoto. Mdogo wangu anasema na mdomo umevutika kidogo, maneno yanamtoka mazito.

Nimesema mpe. Mpe na yule, wape wote, sasa hivi! Akasema ameshawapa. Hakuningoja. Mama alimtazama kwanza mwenzake akimeza, ndipo naye akameza.

Siku saba! Siku saba nimekaza kwa sababu ya kuku na kamba ya nguo.

Fundi Saa alikufa jana. Nimefua shuka zake mara ya mwisho, maji ya kwanza yametoka ya kahawia. Nilipopandisha toroli juu, Bibi wa Chumba cha Nane alikuwa ameshapata habari.

— Alikuwa na miaka mingapi?

— Sabini na minane.

— Mtoto mdogo! Alikufa kwa nini?

Nikamwambia alikufa kwa kulala chini. Alinikazia macho. Nikangoja tusi. Hakulitoa. Nikamchukia zaidi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeenda kwa msimamizi kuomba zamu ya pili. Ipo. Mashine za jioni hazina mtu. Lakini ana sharti: anayeshika zamu mbili hapewi likizo hadi mwezi wa kumi na mbili, "kwa sababu mkishaona nyumbani hamrudi." Kanipa karatasi, niirudishe Alhamisi na sahihi au bila sahihi. Nisiporudisha anampa Redio.

Kwa hiyo ni hivi. Nikienda Aprili nitamwona Mama, nitamshika huo mkono, halafu nitarudi huku mikono mitupu na dawa ya mmoja. Na mmoja hamezi peke yake. Nikibaki watameza wote wawili, na mimi simwoni.

Duka la dawa limenikopesha boksi mbili. Muuzaji anaandika kila kitu daftarini, mtu mwenye kalamu nyingi mfukoni. Ya kwanza ya nani? Ya mama yangu. Ya pili?

— Ya adui yake.

Akainua kichwa. Nikamwambia andika hivyo hivyo. Akaandika "jamaa".

Jumatano, 26 Machi

Msafiri ameondoka na mzigo, atafika Jumamosi. Vya kufikia Jumamosi vipo, mdogo wangu amehesabu. Ameniita kaka mara tatu katika maongezi, sijui ananionea huruma au ananisuta. Leo nimemwomba radhi. Akasema ya vidonge amesamehe, ya baiskeli niyaache, maana baiskeli aliiuza kweli. Mpumbavu!

Mkono wa Mama haujarudi. Mganga anasema unaweza kurudi ukikandwa kila siku, asubuhi na jioni, na usiachwe. Shemeji anaukanda jioni. Nikauliza asubuhi nani anaukanda. Mdogo wangu akasema sikiliza mwenyewe, akaipeleka simu kitandani.

Nilimsikia kabla sijamsikia Mama. Sauti ile ile ya utotoni mwangu, imekauka tu.

— Nyoosha vidole, mshenzi wewe! Usije ukanifia mikononi wakasema nimekuua mimi!

Na Mama, taratibu, kila neno kama anainua gunia:

— Unanikanda… au unanimenya?

Nikasema shikamoo. Wakaitikia wote wawili. Sikuwahi kumpa shikamoo yule mwanamke tangu baba afe, na leo sikuwa nimempa yeye, lakini aliichukua.

Nikamwambia Mama kwamba Aprili siji. Nimepata kazi ya ziada, dawa zitakuwa za wote wawili, hazitakatika, ila ameze. Nitakuja Desemba. Nilitaka aniulize kwa nini. Nilitaka anitukane. Akasema vyema baba, kazi ni kazi. Kisha simu ikawa kama imewekwa juu ya godoro, nikamsikia anauliza kwa ule ulimi mzito:

— Desemba… ni miezi mingapi?

Na mke mwenzake:

— Kwako wewe ni mingi. Nipe huo mkono.

Nikakata, nikaenda zangu kwenye mashine. Karatasi ya msimamizi bado haina sahihi. Kesho ndiyo Alhamisi. Nimejaribu kuona siku nyingine ya kwenda nyumbani ndani ya mwaka huu ambayo mtu angenipa, sikuiona.

Nimemwandikia mdogo wangu aiweke tarehe ukutani, juu ya kitanda cha Mama, kwa herufi kubwa, aone kila siku: nafika Jumamosi, tarehe 20 Desemba. Mchana, basi lisipochelewa.